Jumba lililojengwa vibaya haliponywi na kiyoyozi

Wahenga walinena kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Methali hii, ambayo walimu wetu huitumia kuwaonya vijana wasihadaike na umbo la nje la mtu, siku hizi inafaa kurejeshewa maana yake ya wazi na kutumiwa kuhusu nyumba zenyewe. Katika mitaa ya Upper Hill na Westlands jijini Nairobi, na vilevile katika miji yetu mingine mikubwa, yamezuka majumba ya kibiashara yaliyovikwa vioo kuanzia chini hadi kileleni. Mpita njia huyatazama akastaajabia mng'aro wake. Lakini afanyaye kazi ndani, hasa katika upande unaoelekea magharibi, anajua kwamba ifikapo saa tisa alasiri chumba hakikaliki ila kiyoyozi kiwe kinanguruma, na kwamba umeme ukikatika na kiyoyozi kikazima, kazi nayo husimama.

Yamkini msomaji atauliza: je, hili ni jambo la kuandikiwa makala, ilhali wako Wakenya wasio na umeme hata wa kuwashia taa? Jibu letu ni kwamba linastahili, na sababu mojawapo ni hao hao Wakenya. Umeme unaotumiwa kuondoa joto ambalo halikupaswa kuingia ndani ya jumba ni umeme uliokosekana kwingineko. Mwaka 2000, ukame ulipopunguza maji katika mabwawa ya Mto Tana, nchi ilitiwa katika mgao wa umeme ambao wenye umri wa makamo hawajausahau. Tangu wakati huo tumejenga mitambo zaidi ya mvuke wa ardhini kule Olkaria na ya upepo kule karibu na Ziwa Turkana. Hata hivyo, mahitaji yetu katika saa za matumizi makubwa yalipita megawati 2,300 mwaka 2025, na jioni, watu wanaporejea nyumbani na kuwasha taa, bado tunalazimika kuwasha mitambo ya mafuta na kununua umeme kutoka Ethiopia.

Wala tatizo hili si letu peke yetu. Shirika la Kimataifa la Kawi lilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2018 kwamba viyoyozi na feni vilikuwa vikitumia karibu asilimia 10 ya umeme wote wa dunia, na karibu moja kwa tano ya umeme wote unaotumika majumbani na maofisini. Shirika hilo lilionya kwamba ongezeko kubwa zaidi litatoka katika nchi za joto ambazo mapato ya watu wake yanapanda. Kenya ni mojawapo ya nchi hizo.

Hoja yetu ni moja. Gharama ya kupoza jumba huamuliwa kwa sehemu kubwa siku mchoro wake unapochorwa, na huamuliwa na mtu ambaye hatailipa. Mradi hali hiyo inaendelea, tutazidi kununua mashine za kutibu maradhi ambayo tumejiletea wenyewe.

Mashine iliyobuniwa kwa ajili ya karatasi

Inafaa kukumbuka kwamba kiyoyozi cha kisasa hakikubuniwa kwa ajili ya binadamu. Mwaka 1902, mhandisi Mmarekani Willis Carrier alitakiwa kutatua tatizo la kiwanda kimoja cha uchapaji huko Brooklyn, New York, ambako karatasi zilivimba na kusinyaa kwa sababu ya unyevu wa hewa, hata rangi zikakosa kuangukia mahali pake. Akatengeneza mtambo wa kudhibiti unyevu, na joto nalo likapungua. Baadaye wasanifu majengo wa nchi tajiri waling'amua kwamba, wakiwa na mtambo huo, wangeweza kuchora jumba la umbo lolote na kulisimamisha popote bila kujali jua linachomoza wapi wala upepo unavuma kutoka wapi. Michoro ya namna hiyo ndiyo tuliyoiiga, tukaileta katika nchi ambayo jua lake ni kali mwaka mzima.

Tulitazame basi jua lenyewe. Nairobi iko takriban digrii moja na robo kusini mwa ikweta, na Mombasa digrii nne. Kwa hiyo saa sita mchana jua huwa karibu na utosi, likiegemea kaskazini mwezi Juni na kusini mwezi Desemba. Ukuta unaotazama kaskazini au kusini hupigwa na jua lililo juu sana, na upenu mfupi unatosha kuutia kivuli. Ukuta unaotazama mashariki au magharibi hupigwa na jua lililo chini, asubuhi au alasiri, wala upenu hausaidii sana kwa kuwa miale huingia kwa ubavu. Ndiyo sababu jumba la hapa kwetu linapaswa kulazwa ili pande zake ndefu zielekee kaskazini na kusini, na pande zake fupi, zenye madirisha machache, zielekee mashariki na magharibi. Elimu hii haihitaji mashine yoyote. Inahitaji mchoraji ajue dira.

Kioo nacho kina tabia yake. Huuruhusu mwanga wa jua kupenya, ukaangukia sakafu, meza na vitabu, navyo vikapata moto. Joto litokalo katika vitu hivyo halipenyi kioo kwa wepesi ule ule ulioingilia mwanga, na hewa iliyokwisha kupata moto haina pa kutokea. Kila aliyewahi kuacha gari juani likiwa limefungwa madirisha anaijua habari hii. Tofauti ni kwamba mwenye gari hufungua dirisha kwanza, ilhali majumba mengi ya vioo yana madirisha yasiyofunguka kabisa.

La kusikitisha ni kwamba ujuzi huu haukuwa mgeni jijini Nairobi. Anayetembea katikati ya jiji na kuinua macho ataona kwamba majumba mengi yaliyojengwa katika miaka ya 1950 na 1960 yana vibao vya saruji vilivyotokeza mbele ya madirisha, vingine vimelazwa na vingine vimesimamishwa. Watu wengi hudhani ni mapambo tu. Viliwekwa ili jua liishie nje na mwanga uingie ndani. Wajukuu wa wasanifu wale wana tarakilishi ziwezazo kukokotoa kivuli cha kila saa ya mwaka, lakini vibao vimetoweka.

Kila mji na hali yake

Mwalimu wa Kiswahili anapofundisha msamiati wa sehemu za nyumba, huwatajia wanafunzi upenu, baraza, daka, roshani na ua, nao huyakariri kwa ajili ya mtihani. Ni nadra mwanafunzi kuelezwa kwamba maneno hayo ni kumbukumbu ya namna watu wa pwani walivyoishi na joto kabla ya kuja kwa umeme. Upenu huukinga ukuta na jua na mvua. Daka humpa mgeni mahali pa kukaa kivulini pasipo kuingia ndani. Kiwanda, yaani ua ulio ndani ya nyumba ya mawe ya Lamu, huleta mwanga katika vyumba na kuipa hewa ya moto njia ya kupanda na kutoka. Kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa huchelewesha joto la mchana, na vichochoro vyembamba vya mji huzifanya nyumba zitiliane kivuli. Mji Mkongwe wa Lamu ulitiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, nasi twajivunia heshima hiyo, lakini wachoraji wetu wa maofisi hawaendi kujifunza huko.

Hatusemi kwamba ofisi ya ghorofa ishirini ijengwe kwa matumbawe na boriti. Wala kila dawa haifai kila mahali. Katika pwani hewa ina unyevu mwingi na usiku haupoi sana, kwa hiyo tiba kubwa ni kivuli pamoja na upepo upitao chumbani kutoka dirisha hadi dirisha. Upepo huo tunao: kusi na kaskazi hupokezana mwaka mzima. Nairobi, iliyo karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ina hali nyingine. Usiku wake huwa wa baridi hata katika miezi ya joto. Jumba lenye kuta na sakafu nzito likifunguliwa usiku ili hewa baridi ipite ndani, saruji yake hupoa, na siku ya pili hulifyonza joto la mchana pole pole.

Jambo hili limekwisha kujaribiwa katika bara letu. Jengo la Eastgate mjini Harare, Zimbabwe, lililofunguliwa mwaka 1996, lilichorwa na msanifu Mick Pearce bila kutegemea viyoyozi vya kawaida. Usiku feni huisukuma hewa baridi katika nafasi zilizoachwa chini ya sakafu, na mchana hewa iliyopata joto hupanda na kutoka kwa mabomba marefu yaliyo juu ya paa. Harare, kama Nairobi, iko katika nyanda za juu. Na hapa Nairobi penyewe, katika mtaa wa Gigiri, Umoja wa Mataifa ulifungua mwaka 2011 jengo la ofisi linaloingiza hewa ya kawaida kupitia madirisha, hewa hiyo ikapanda katika nyua za ndani na kutokea juu, na paa lake likafunikwa kwa vibamba vya kuzalisha umeme wa jua. Maelfu ya Wakenya hupita karibu na jengo hilo. Linathibitisha kwamba katika hali ya hewa ya Nairobi ofisi ya kisasa yaweza kukalika bila kupozwa kwa mashine.

Yaliyokwisha kujengwa

Hata hivyo, majumba yaliyokwisha kusimama hayawezi kugeuzwa yatazame upande mwingine. Je, tuyaache? La hasha. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na nyufa zilizomo katika majumba yetu ni nyingi na zinazibika kwa gharama ndogo.

Kwanza, kivuli kiwekwe nje ya dirisha. Pazia la ndani huzuia mwanga baada ya jua kwisha kupenya kioo, na joto limekwisha kuingia. Kibao, turubai au mti ulio nje hulizuia kabla ya kufika. Pili, paa lipakwe rangi nyeupe au liwekewe dari na kizuizi cha joto chini yake, hasa maduka na mabohari yaliyoezekwa kwa mabati matupu. Tatu, mlango wa chumba kinachopozwa ufungwe. Si ajabu kuona duka ambalo mlango wake uko wazi mchana kutwa, kiyoyozi kikipoza barabara.

Nne, mashine zenyewe zitunzwe. Chujio lililojaa vumbi huizuia hewa kupita, na mashine hutumia umeme ule ule au zaidi kwa kazi ndogo. Sehemu ya nje ya kiyoyozi, ambayo kazi yake ni kulitupa joto, mara nyingi hufungiwa katika kibanda kisicho na hewa, au hupangwa ikitazamana na nyingine, kila moja ikivuta hewa ya moto ya mwenziwe. Wengine hununua mashine kubwa kupita kiasi wakidhani ukubwa ni ubora. Mashine kubwa mno hupoza chumba upesi ikazima, ikawaka tena ikazima, wala haipati muda wa kuondoa unyevu, na wakaaji hubaki na baridi yenye majimaji. Gesi ya kupozea nayo isiachwe ivuje. Baadhi ya gesi hizo, kama ile iitwayo R-410A, hulipasha joto anga zaidi ya mara 2,000 kuliko hewa ya kaboni ya uzito ule ule, na ndiyo sababu mataifa yalikutana mjini Kigali mwaka 2016 na kukubaliana kuzipunguza.

Tano, kiasi cha baridi kinachotakiwa kipangwe kwa busara. Tuchukue mfano mwepesi. Ikiwa nje kuna nyuzi 30 na chumba kimepozwa hadi nyuzi 20, tofauti ni nyuzi 10. Kikipozwa hadi nyuzi 25, tofauti ni nyuzi 5, na lile joto linalopenya kuta na vioo kwa sababu ya tofauti hiyo hupungua kwa nusu. Wajapani walilitambua jambo hili mwaka 2005, serikali yao ilipoanzisha kampeni ya kuwataka wenye ofisi waweke nyuzi 28 wakati wa kiangazi, na wafanyakazi wakaruhusiwa kuvua tai na koti. India iliagiza kwamba, tangu mwaka 2020, viyoyozi vya vyumbani viuzwe vikiwa vimepangwa kuanzia nyuzi 24. Hapa kwetu yako maofisi ambamo kiyoyozi kimewekwa nyuzi 18 na karani ameketi chini yake amevaa sweta, mwezi wa Februari. Umeme umelipiwa ili mtu ahisi baridi asiyoitaka.

Hebu tufanye hesabu ambayo mwanafunzi yeyote wa shule ya upili aweza kuikagua. Tuseme jumba lina vyumba 40, na kiyoyozi cha kila chumba hutumia kwa wastani kilowati 1 kwa saa 9 za kazi, siku 22 za mwezi. Hizo ni uniti 198 kwa chumba kimoja na uniti 7,920 kwa jumba zima. Tukikadiria kila uniti kuwa shilingi 20, bili ya mwezi itakuwa shilingi 158,400. Iwapo kivuli, usafi wa machujio na kuongeza nyuzi chache kutaokoa robo tu, mwenye kulipa atabakiwa na shilingi 39,600 kila mwezi, yaani shilingi 475,200 kwa mwaka. Haba na haba hujaza kibaba. Chuo kidogo kilichokodi jumba hilo chaweza kununulia maktaba yake vitabu kwa fedha hizo.

Joto linalotupwa

Upande wa pili wa jambo hili ni joto tunalolitaka. Nchi yetu haina baridi kali ya kuhitaji kupasha moto majumba miezi mingi, ingawa mwezi Julai maofisi mengi ya Nairobi huwasha hita za umeme. Mahitaji yetu makubwa ni maji moto, katika mahoteli, hospitali na mabweni. Hapo ndipo panapoonekana kioja. Kiyoyozi hakiumbi baridi: hulichukua joto lililomo chumbani na kulitupa nje. Hoteli ya pwani yenye vyumba mia moja hulitupa joto usiku na mchana, na nyuma ya jengo lile lile boila inachoma mafuta ili wageni wapate maji ya kuogea. Kipo kifaa cha kawaida kinacholikamata joto linalotoka katika kiyoyozi na kulipitisha kwenye tangi la maji kabla ya kutupwa. Aidha jua la kuchemsha maji hatulinunui. Mhasibu wa hoteli anayelipa bili mbili, moja ya kuondoa joto na nyingine ya kulitafuta, ana haki ya kumwuliza mhandisi wake kwa nini hazikutanishwi.

Nani hulipa?

Ikiwa mambo haya yanajulikana, mbona hayafanywi? Wengine huwalaumu Wakenya kwa uzembe. Sisi twaona kwamba sababu kuu iko katika mkataba wa upangaji. Anayejenga jumba la kibiashara hutaka limalizike upesi, lipendeze na lipate wapangaji. Likishapata wapangaji, bili ya umeme ni yao. Kila shilingi atakayoitumia kuweka vibao vya kivuli au kizuizi cha joto darini itatoka mfukoni mwake, na faida itaingia mfukoni mwa mwingine. Mpangaji naye, ambaye mkataba wake ni wa miaka sita hivi, hawezi kubadilisha kuta za jumba lisilo lake. Ananunua kiyoyozi, kwa kuwa ndicho kitu pekee anachoruhusiwa kubadilisha na aondokapo aweza kukibeba. Hali huwa mbaya zaidi pale ambapo jumba zima lina mita moja na gharama hugawanywa kwa ukubwa wa vyumba. Hapo anayebana matumizi humlipia anayefuja.

Walimu na wanafunzi wanapaswa kulitambua jambo hili kwa kuwa wamo ndani yake. Vyuo vingi vimekodi ghorofa katika majumba ya kibiashara katikati ya miji. Ukumbi ulioundwa upitishe hewa kutoka dirisha la upande mmoja hadi la upande wa pili hukatwa kwa mbao ukawa madarasa sita, na manne kati yake hayana dirisha linalofunguka. Wanafunzi 60 wameketi humo saa tatu mfululizo, na kila mmoja, akiwa ameketi tu, hutoa joto kiasi cha wati 100. Hao 60 pamoja hutoa joto kama la hita tatu kubwa za umeme. Alasiri macho yao hufumba, na mhadhiri huwaita wavivu. Ikiwa kiyoyozi kipo, gharama yake imo katika karo. Ikiwa hakipo, gharama yake imo katika alama za mtihani.

Zipo hoja za wanaopinga. Husemwa kwamba umeme wa Kenya kwa sehemu kubwa ni safi, watoka ardhini, majini na katika upepo, kwa hiyo hakuna haja ya kuubana. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama umeme huo ungekuwa mwingi kuliko mahitaji, saa zote na misimu yote. Hauko hivyo, na walioona mgao hawahitaji kuambiwa. Husemwa pia kwamba ujenzi wa namna hii ni ghali. Kulilaza jumba upande unaofaa hakugharimu kitu kama kiwanja charuhusu, na ukuta wenye madirisha ya kiasi si ghali kuliko ukuta wote wa vioo vilivyoagizwa ng'ambo. Wako pia wasemao kwamba tunawanyima wafanyakazi starehe. Hapana. Vyumba vya upasuaji, maabara, bohari za dawa na vyumba vya tarakilishi vinahitaji kupozwa, na huenda hata maofisi ya Mombasa yasiweze kuishi bila kiyoyozi katika mwezi wa Machi. Tunalotaka ni mashine ije mwisho, baada ya kivuli na hewa kufanya kazi yao, nayo iwe ndogo.

La kufanya

Sheria hazikosekani. Kanuni za usimamizi wa kawi zilizotungwa mwaka 2012 ziliwataka wenye majumba na viwanda vinavyotumia umeme mwingi wafanyiwe ukaguzi wa matumizi kila baada ya miaka mitatu, kisha watekeleze angalau nusu ya uokoaji uliopendekezwa. Kanuni za mwaka 2016 zilitaka viyoyozi vibandikwe lebo ya nyota ili mnunuzi ajue kipi kinatumia umeme mdogo. Kanuni mpya za ujenzi za mwaka 2024, zilizoanza kutumika mwaka 2025, zimechukua mahali pa zile za mwaka 1968. Kinachohitajika ni kuifanya gharama ya uamuzi imfikie aliyeuamua, nasi tunapendekeza mambo manne.

Serikali za kaunti, ambazo huidhinisha michoro, zisipitishe mchoro wa jumba la kibiashara ambao hauonyeshi jinsi kila upande utakavyokingwa na jua na ni madirisha yapi yanayofunguka. Pili, kila jumba linalokodishwa liwe na mita ya kila ghorofa, na mwenye jumba alazimike kumwonyesha anayetaka kupanga bili za miaka mitatu iliyopita. Mpangaji akijua kwamba jumba moja litamgharimu umeme maradufu kuliko jirani yake, atapigania kodi ishushwe, na mwenye jumba atakuwa na sababu ya kuweka kivuli. Tatu, matokeo ya ukaguzi yatangazwe hadharani, yasifungiwe kabatini. Nne, na pengine ndilo kubwa, serikali yenyewe ni mpangaji wa maofisi mengi. Itangaze kwamba baada ya muda uliowekwa haitakodi jumba lisilotimiza kiwango fulani. Siku hiyo wenye majumba watawatafuta wahandisi bila kusukumwa na polisi.

Walimu nao wana la kufanya pasipo kungoja Nairobi iamue. Kipimajoto cha maabara chaweza kutundikwa darasani na kingine nje kivulini, wanafunzi wakaandika vipimo kila saa kwa muda wa wiki mbili, darasa la upande wa mashariki likalinganishwa na la upande wa kaskazini. Mwalimu wa Jiografia atafundisha mwendo wa jua, wa Fizikia atafundisha jinsi joto linavyosafiri, wa Hisabati atafundisha grafu, na wa Kiswahili atapata nafasi ya kueleza upenu ni nini na kwa nini nyumba ya babu ilikuwa nao. Vipimo hivyo vikipelekwa mbele ya halmashauri ya shule vitakuwa na uzito kuliko malalamiko.

Kwa wanafunzi wetu wa usanifu na uhandisi tunasema hivi. Mtakapoajiriwa, mteja atawaletea picha ya jumba la vioo aliloliona katika mji wa ng'ambo na kuwaamuru mmjengee mfano wake. Mwulizeni linaelekea wapi, nani atalipa umeme, na wafanyakazi watakaa wapi umeme ukipotea. Kisha mchoreeni jumba la pili kando ya lile alilolitaka, na chini ya kila moja mwandike bili ya miaka ishirini. Akichagua la vioo, na achague, lakini awe amezisoma hesabu zote mbili kabla ya kutia sahihi.